Shilingi ya Mtoto Iko Fungu Gani? Kusoma Bajeti ya Halmashauri kwa Macho ya Mzazi wa Arusha

Katika vitabu vya bajeti ya Tanzania hakuna fungu la watoto. Wizara ya Elimu ina fungu namba 46, Maji 49, Afya 52, Maendeleo ya Jamii 53, TAMISEMI 56. Mkoa wa Arusha ni fungu 70, Kilimanjaro 75. Hata deni la Taifa lina namba yake, 22. Mtoto hana. Ametawanywa humo humo: sehemu yake iko kwenye chanjo, nyingine kwenye madawati, nyingine kwenye bomba la maji la Muriet, nyingine kwenye mafuta ya gari la afisa ustawi wa jamii. Anayetaka kujua nchi inatumia kiasi gani kwa watoto wake lazima avikusanye vipande hivyo kimoja kimoja, ndipo ajumlishe.

Na hawa si kundi dogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na takribani nusu yao hawajafikisha miaka 18. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 4 ya mkataba huo inaitaka kila nchi itekeleze haki za watoto za kijamii na kiuchumi kwa kadiri ya juu kabisa ya rasilimali ilizonazo. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ilitoa ufafanuzi mzima, namba 19, kuhusu bajeti peke yake. Hapa nyumbani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Maana yake ni kwamba Jiji la Arusha, Meru, Longido, Moshi Manispaa, Same na nyingine zote zina wajibu wa kisheria, na wajibu huo hauna pengine pa kuonekana zaidi ya kwenye mpango na bajeti.

Wachambuzi wapo. UNICEF huchapisha muhtasari wa bajeti za sekta, na asasi kama HakiElimu na Policy Forum zimekuwa zikizichambua kwa miaka mingi. Kazi yao nyingi inahusu takwimu za Taifa. Mimi naamini mzazi wa Sombetini au wa Pasua ana mahali pazuri zaidi pa kuanzia, nako ni halmashauri yake mwenyewe, ambako anaweza kuona fedha ikiingia na kuona kama imemfikia mtoto.

Inatoka wapi, inatumika wapi

Halmashauri ina mifuko miwili mikubwa. Mmoja ni ruzuku kutoka Serikali Kuu: mishahara ya walimu na wauguzi, fedha za uendeshaji wa shule, dawa, miradi. Mwingine ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, ushuru wa nyumba za kulala wageni, leseni, stendi, masoko. Kwa upande wa matumizi kuna mishahara, kuna matumizi mengineyo ambayo watumishi wanayaita OC, na kuna miradi ya maendeleo. Karibu kila kitu utakachokisoma kwenye bajeti ya halmashauri kinaingia katika moja ya aina hizo tatu.

Watu wengi wakiona sehemu kubwa ya fedha za elimu imekwenda kwenye mishahara, hunung'unika kwamba fedha imeliwa. Naona tunakosea hapo. Mwalimu wa darasa la pili ndiye huduma yenyewe; ukimwondoa, kilichobaki ni jengo. Swali la kuuliza ni walimu hao wako shule zipi na kila mmoja ana watoto wangapi mbele yake.

Upande wa miradi ndio unaopendwa zaidi, kwa sababu jengo linaonekana na lina siku ya kuzinduliwa. Mwaka 2021/22, kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Ni kazi kubwa na iliwapunguzia watoto wengi msongamano. Ila kila chumba kinadai fedha mwaka hadi mwaka: mwalimu, chaki, matundu ya vyoo, maji, fundi wa kurekebisha kitasa. Ukikuta mradi kwenye bajeti, tafuta mwenzake upande wa matumizi ya kawaida. Ukimkosa, jengo litafunguliwa na kusubiri.

Shilingi 500 kwa mwezi

Sasa tuingie kwenye fedha ambayo kila mzazi mwenye mtoto shule ya msingi ya Serikali anaweza kuifuatilia bila kuwa mhasibu: ruzuku ya uendeshaji.

Kiwango chake kilizaliwa kwenye MMEM, mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002, ada ilipofutwa. Ilikubaliwa kila mwanafunzi atengewe dola 10 za Marekani kwa mwaka, na kwa wakati ule hizo zilikuwa kama shilingi 10,000. Elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000. Lakini dola moja, ambayo mwaka 2002 haikufika shilingi 1,000, sasa ilikuwa imevuka 2,100. Tarakimu kwenye karatasi haikuguswa, lakini thamani yake ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya ile ya mwanzo, na hakuna kikao chochote kilichokaa kuipunguza. Namna hii ya kupunguza bajeti ya watoto ni ya kimya kuliko zote, na ndiyo inayowapita wengi.

Tuigawe. Katika 10,000 hizo, 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya ununuzi wa vitabu, na 6,000 zikapelekwa kwenye akaunti ya shule. Sh 6,000 kwa mwaka ni Sh 500 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Shule yenye wanafunzi 900, na kwenye kata zetu za pembezoni hiyo si shule kubwa, inapata Sh 450,000 kwa mwezi. Humo mwalimu mkuu atoe chaki, karatasi za mitihani ya ndani, bili ya maji, bili ya umeme, vifaa vya usafi, ukarabati mdogo na mpira wa michezo. Vioo viwili vikivunjika na pampu ikaharibika mwezi huo huo, hesabu imevurugika.

Ndipo michango inapozaliwa. Mlinzi wa shule analipwa na nani? Uji wa saa nne? Mitihani ya majaribio ya darasa la saba? Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima, na mzazi asiye na kitu alipumua. Hata hivyo gharama zilibaki pale pale. Pale ruzuku isipotosha, pengo huzibwa na mzazi mwenye uwezo, au halizibwi. Kwa hiyo mchambuzi wa bajeti ya mtoto akishamaliza kusoma vitabu vya Serikali, aende pia akaulize wazazi wanalipa nini. Tofauti kati ya shule ya katikati ya mji, ambako wazazi wanachangia bila shida, na shule ya Terrat au ya vijijini Longido, haionekani kwenye bajeti yoyote. Kwenye karatasi watoto wote wanapata 6,000.

Kuna jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Mwaka wa shule unaanza Januari. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Takwimu za wanafunzi hukusanywa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Machi. Katika kata inayojengwa kila siku, ambako familia zinahamia kutoka Singida, Babati na Kondoa, watoto wanaoandikishwa Januari wanaikuta bajeti imekwishapangwa kwa idadi ya zamani. Shule iliyohesabiwa watoto 900 ina watoto 1,050 darasani, na zile 500 za kila mmoja zinakuwa pungufu ya hapo. Mwalimu mkuu anayejua hili hupeleka idadi mpya mapema kwa Afisa Elimu Kata na kung'ang'ania isahihishwe. Asiyejua anaumia kimya, na watoto wake wanaumia naye.

Katika mkutano mmoja wa mtaa hapa Arusha, mtendaji alikuwa akisoma taarifa ya mapato na matumizi harakaharaka, watu wakiangalia saa. Bibi mmoja aliyekaa mbele, kitenge mabegani, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, rudia hapo pa shule. Taratibu."

"Shikamoo bibi. Hapa ni ruzuku ya uendeshaji, imeingia kwa robo hii."

"Marahaba. Hiyo waliyopewa ni ya watoto wangapi?"

Mtendaji akageuka kumtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaanza kupekua daftari. Mkutano mzima ulisubiri. Swali la bibi yule lina thamani kuliko kurasa nyingi za ripoti, kwa sababu kiasi cha fedha hakina maana mpaka ukigawanye kwa vichwa vya watoto.

Shilingi 1,000 ya lishe

Mfano wa pili ni tofauti, kwa sababu fedha yake inatoka mfukoni mwa halmashauri yenyewe.

Utafiti wa afya wa Taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wana udumavu. Ule wa 2015/16 ulikuwa umekuta asilimia 34. Udumavu hauponi kwa urahisi: siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto anapofikisha miaka miwili, zikipita, sehemu kubwa ya hasara inabaki mwilini na kichwani. Kwa sababu hiyo Serikali ilizielekeza halmashauri kutenga angalau Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Mwaka 2022, akiwa Rais, alishuhudia mkataba mpya ukisainiwa, wa kufika 2030.

Ninaipenda kanuni hii. Inapimika. Chukua halmashauri yenye watoto 60,000 wa umri huo: bajeti ya lishe lazima isome angalau Sh 60,000,000. Ukikuta milioni 38, umepata swali la kumuuliza diwani, na hana pa kukwepea.

Kutenga, hata hivyo, ni hatua ya mwanzo tu. Mapato ya ndani ya Arusha yanakwenda na msimu wa watalii. Masika ya Aprili na Mei mahoteli mengi hupoa na ushuru hupungua nayo. Makusanyo yakishuka, mweka hazina analipa kwanza kile kinachogonga mlango: mkandarasi mwenye mkataba, posho za vikao, madeni. Mtoto wa miezi tisa hagongi mlango wa mweka hazina. Kasma ya lishe, yaani kifungu cha fedha kilichotengwa kwa kazi hiyo, inasubiri, na mwisho wa mwaka taarifa inaonyesha ilitengwa yote na ikatoka nusu.

Wakati wa kutoka nao una uzito. Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto hufanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Ndipo watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A, wa kuanzia mwaka mmoja wanapewa dawa za minyoo, na mhudumu anazungusha utepe wa rangi kwenye mkono wa juu wa kila mtoto. Utepe ukisoma kijani, mama anaambiwa aendelee vivyo hivyo. Njano, anapewa ushauri na tarehe ya kurudi. Nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na lazima apelekwe kituoni siku hiyo. Fedha ya kumfikisha mhudumu na utepe wake kwenye boma la mbali ikitoka tarehe 20 Juni, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Zoezi la Desemba lilishapita bila fedha. Vitabuni itaandikwa imetolewa asilimia 100, na yule mtoto ambaye utepe ungesoma nyekundu mwezi Desemba hayumo kwenye asilimia hiyo.

Angalia pia imetumika kwa nini. Mpango wa lishe wa halmashauri una shughuli nyingi zenye majina yanayofanana: kufanya mafunzo, kufanya ufuatiliaji, kuadhimisha siku fulani. Sisemi ufuatiliaji hauna maana. Afisa lishe asipotoka ofisini hajui kinachoendelea Ngarenanyuki. Lakini posho na mafuta vikichukua sehemu kubwa ya ile 1,000, diwani ana haki ya kuuliza kilichobaki kilinunua nini na kilifika kituo gani.

Kuna kasoro katika kanuni yenyewe pia. Sh 1,000 ni ile ile kwa Jiji lenye mahoteli na kwa wilaya ya wafugaji yenye makusanyo madogo. Na mara nyingi palipo na mapato haba ndipo penye watoto wanaokaa mbali na zahanati, na ambako kumfikia kila mmoja kunagharimu zaidi. Kuwapa wote sawa, katika hali hii, ni kuwaacha nyuma walio nyuma. Ndiyo sababu ile kamati ya Umoja wa Mataifa iliweka usawa miongoni mwa vigezo vya kupima bajeti, pamoja na ufanisi, tija, uwazi na uendelevu.

Maji yetu, meno yao

Nilisema kwamba mtoto ametawanywa kwenye mafungu. Kwa watu wa huku kwetu mfano ulio wazi kuliko yote ni maji.

Maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana maji yenye floridi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Mtu mzima anayehamia kata ya Maji ya Chai akiwa na miaka 30 meno yake hayabadiliki rangi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane, anabaki na madoa ya kahawia maisha yake yote, na floridi ikizidi sana mifupa yake inaathirika pia, miguu inapinda. Dirisha la madhara ya meno liko utotoni.

Kwa hiyo mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni matumizi kwa watoto, ingawa hauandikwi hivyo popote. Vivyo hivyo kazi ya kituo cha Ngurdoto, kinachotafiti namna ya kuondoa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa.

Wachambuzi hulipangaje hili? Kwa kawaida hugawa matumizi katika makundi. Kuna yanayomlenga mtoto moja kwa moja, kama chanjo na shule ya awali. Hayo huhesabiwa yote. Kuna yanayowahudumia wote, kama maji na zahanati; hapo huchukuliwa sehemu inayolingana na uwiano wa watoto katika wanaohudumiwa. Watoto wakiwa nusu ya wakazi, unahesabu nusu. Na kuna yaliyo mbali mno, kama ulinzi au barabara kuu, ambayo wengi huyaacha. Hesabu ya aina hii ina makadirio ndani yake, na mtu anayetaka picha nzuri anaweza kuinyoosha kwa kuingiza kila kitu. Dawa yake ni kueleza wazi umehesabu nini na kwa uwiano gani, kisha kutumia njia ile ile mwaka unaofuata, ili miaka ilinganishwe kwa haki. Kwa floridi mimi ningehesabu zaidi ya nusu.

Asilimia zinavyodanganya

Taarifa ikisema "bajeti ya elimu imeongezeka kwa asilimia 6," usipige makofi kwanza. Kama bei za vitu zimepanda asilimia 3 na wanafunzi wameongezeka asilimia 5, kila mtoto amepata pungufu ya asilimia kama 2 ukilinganisha na mwaka jana. Fanya hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu: gawanya 1.06 kwa 1.03, kisha kwa 1.05. Jibu likiwa chini ya moja, mtoto amepoteza.

Angalia pia asilimia ya nini. Azimio la Abuja la 2001 liliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Azimio la Incheon la 2015 linataka elimu ipate asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya umma. Bajeti ya Taifa ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Ukiigawanya elimu kwa kiasi chote hicho unapata jibu moja. Ukiondoa kwanza fedha za kulipa deni la Taifa, elimu inaonekana kubwa zaidi. Hesabu zote mbili ni halali. Kosa ni kutumia moja mwaka huu na nyingine mwakani.

Iliyopitishwa, iliyotoka, iliyofika

Hizi ni fedha tatu tofauti. Jirani zetu Uganda walijifunza hili kwa uchungu. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya miaka ya 1991 hadi 1995 na kukuta kwamba, kwa wastani, shule zilipokea asilimia 13 tu ya fedha ilizotengewa. Nyingine ziliishia wilayani. Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza magazetini kila fedha iliyopelekwa wilaya gani na lini, na kubandika taarifa kwenye shule. Ufuatiliaji wa baadaye, mwaka 2001, ulikuta sehemu inayofika imevuka asilimia 80. Wasomi wengine wamesema mageuzi mengine ya wakati ule yalichangia, na ni kweli. Ila mwalimu mkuu aliyejua tarehe na kiasi alikuwa na jambo la kudai, na aliyekuwa hajui hakuwa nalo.

Hapa kwetu, ruzuku kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule tangu 2016, bila kupitia akaunti ya halmashauri, kumefunga mianya ya aina hiyo. Naona ni moja ya maamuzi bora kabisa ya kipindi kile. Kilichobaki ni ubao wa matangazo: shule itundike kiasi kilichoingia, tarehe, idadi ya wanafunzi na kilichonunuliwa. Zipo shule zinazofanya hivyo vizuri. Zipo ambazo karatasi ya mwisho ubaoni imefifia kwa jua mpaka haisomeki.

Wenye moyo wa kusoma wachukue pia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo humfikia Rais mwishoni mwa Machi na baadaye huwasilishwa bungeni. Ile ya serikali za mitaa inazungumzia halmashauri kwa majina. Usiridhike na neno "hati inayoridhisha". Hati hiyo inasema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi kama mtoto wa Moshono alipata dawati.

Na kuna eneo ambalo hata wakaguzi hupita haraka kwa sababu fedha yake ni ndogo mno: ulinzi wa mtoto. Mtoto akifanyiwa ukatili, mtu lazima amfikishe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hospitali, kisha mahakamani mara kadhaa. Mtu huyo ni afisa ustawi wa jamii, na nauli, mafuta na chakula cha mtoto siku ya kesi vyote vinatoka kwenye OC yake. OC ikichelewa miezi miwili, shahidi hafiki, kesi inaahirishwa, na mtuhumiwa yuko mtaani na mtoto yule yule. Kwa mji kama wetu, wenye watoto wanaolala stendi na sokoni, hii ndiyo kasma ambayo mimi ningeifungua ya kwanza. Nikiwa diwani ningeilinda isiguswe makusanyo yanaposhuka, kwa sababu ukubwa wake kwenye vitabu haulingani hata kidogo na uzito wake kwa mtoto mmoja.

Wakati wa kusema, na namna ya kuomba

Wananchi wengi hujadili bajeti mwezi Juni, Waziri wa Fedha anapoisoma Dodoma. Kwa mambo ya shule na zahanati ya kata yako, umechelewa. Vipaumbele huibuliwa kwenye mitaa na vijiji katika miezi ya mwisho ya mwaka, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinaunganishwa na wataalamu wa halmashauri ndani ya ukomo uliotolewa na Hazina, na Baraza la Madiwani hupitisha rasimu kwa kawaida Januari au Februari. Baada ya hapo inapanda mkoani, TAMISEMI na Wizara ya Fedha, ndipo Bunge linakaa kuanzia Aprili. Sentensi moja iliyoingia kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa mwezi Novemba, kwamba shule yetu ina matundu manne ya vyoo kwa wasichana 400, ina nguvu kuliko malalamiko ya Juni. Hakikisha imeandikwa, na imeandikwa na namba. Mabaraza ya Watoto nayo yasikilizwe wakati huo huo. Watoto wanajua choo kipi hakifungi mlango.

Ukihitaji takwimu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa njia. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa diwani wako. Usiombe "taarifa za bajeti", maana utapewa kitabu kizima au hutapewa kitu. Omba hivi: kwa mwaka wa fedha uliopita, kiasi kilichotengwa kwa lishe kutoka mapato ya ndani, kiasi kilichotolewa kila robo na tarehe zake, na idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano iliyotumika kukokotoa. Kwa shule, taja jina la shule, robo ya mwaka, na idadi ya wanafunzi iliyolipiwa. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Ikikataa, sheria inakuruhusu kuomba uamuzi upitiwe upya, na usiporidhika kukata rufaa kwa Waziri. Peleka nakala mbili, na ile ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa masjala wenye tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.